Lebo zisiishie Mtwara mjini

Mzigo wa basi ukitoka Dar kwenda Newala, hakuna anayeufungua njiani. Utingo ameandika neno moja juu ya boksi, na pale Mnazi Mmoja ya Lindi, barabara inapogawanyika kwenda Masasi na Mtwara, neno hilo ndilo linalotazamwa. MPLS, njia ya kusafirisha data mtandaoni kwa lebo, iliyopata viwango vyake mwaka 2001, inafanana na hivyo: pakiti, yaani kipande cha data, inabandikwa lebo ya biti 20, kila ruta, kifaa cha kuelekeza data, inaisoma, inaweka nyingine, inasukuma mbele. Anwani ya IP haiguswi hadi mwisho wa safari.

Kinachonikera ni kwamba mara nyingi lebo huishia kwenye ruta kubwa za mjini. Kutoka hapo hadi kwenye mnara wa simu ni swichi tu, na kila huduma inaungwa kwa mkono, VLAN moja moja, yaani kila huduma inatengewa namba yake kwenye kila swichi. Niliwahi kuifanya kazi hiyo. Mteja mmoja wa Tandahimba alihitaji kuungwa sehemu nne, nami nikakosea namba kwenye ya tatu. Siku mbili nzima tulilaumu redio za kuunganisha minara!

Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaotaka lebo zifike mnarani. Huduma unaipanga kwenye ncha mbili, katikati huna haja ya kugusa. Wapo wanaosema vifaa vya mnarani ni vidogo, havitabeba lebo za mtandao mzima. Hilo lina jibu tangu 2013: kifaa kinaomba lebo za kule kinakotuma data tu, basi.

Ila muuzaji akikuahidi kwamba njia ikikatika mawasiliano yatarudi chini ya milisekunde 50, muulize yatapita wapi. Mei 2024, mafuriko ya kimbunga Hidaya yalipokata barabara kule Somanga, wa kwenda Masasi alibaki na mzunguko wa Songea na Tunduru. Mrefu, lakini upo. Mnara wenye uzi mmoja wa faiba hauna Tunduru yake. Ukikatika, lebo haina pa kwenda.

Na duara tunalo tayari barabarani: Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, Mnazi Mmoja, kisha Mtwara tena. Faiba ifuate humo, pasipofika pazibwe kwa redio, ndipo lebo zishushwe. Ningeanzia Newala, kabla ya Oktoba, minada ya korosho haijaanza.