Viti vya Jumapili vimekuja Jumatatu

Ami yangu kule Chake, Pemba, anakodisha viti, maturubai na masufuria ya shughuli. Miye kwa kujitia fundi nikamtengenezea kisistimu cha kuwekea oda, na eskyueli, ile lugha ya kuiamrisha databesi (ghala la kumbukumbu), sikuiandika kwa mkono, nikatumia laibrari, yaani programu ya tayari inayokuandikia yenyewe, we unaiambia tu oda hii iseviwe basi.

Kumbe ina bagi. Ukiipa tarehe tupu inaivalisha saa sita ya usiku, halafu inaigeuza kuwa saa za UTC, zile za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu masaa 3, halafu saa inaitupa inabakisha tarehe. Yaani saa sita ya usiku Jumapili inaingia ndio kwanza, kule ni Jumamosi saa tatu usiku, basi databesi inasoma Jumamosi. Kwa hesabu ya wazee wetu siku inaanza magharibi, kwa hiyo hata hiyo saa tatu ishakuwa usiku wa Jumapili, ila laibrari haikupita chuoni.

Watu wakawa wanaletewa viti siku moja kabla. Nikamwambia Ami kwa sasa we andika siku ya mbele, shughuli ikiwa Jumapili andika Jumatatu, nitarekebisha. Akaiandika hiyo kwa makapeni kwenye kipande cha boksi, akabandika ukutani.

Na nikarekebisha kweli, usiku mmoja tu. Tarehe nikaifanya maandishi matupu, laibrari isijue kama ni tarehe, isiiguse. Nikajiona bingwa, asubuhi nikapanda boti nikaenda zangu Unguja. Kumwambia Ami, sikumwambia.

Jumapili niko Darajani na bakuli langu la urojo, simu hiyo, khalati wa bi harusi. "Mwanangu, viti viko wapi? Watu wanakaa majamvini na nguo zao za harusi!" Viti viko Wete kwenye shughuli nyengine. Nikampigia Ami.

"Kompyuta imesema Jumatatu."

"Si umeiandika weye Ami!"

"Na nani kaniambia niandike?"

Urojo ukapoa mkononi.

Jumatatu asubuhi dereva, ambaye yeye anafata karatasi yake tu wala hajui kulikuwa na kesi, akenda akashusha viti 200 vyote na kuvipanga safu. Khalati kanitumia picha, yuko peke yake katikati ya uwanja, kikombe cha chai mkononi na mkate wa mofa pajani. Chini kaandika: "Ahsante mwanangu, nimepata pa kukaa."