Musawo Alinibonyeza, Soko Zima Likafuata

Kifua kilianza kunichoma usiku, upande wa kushoto, pembeni kidogo ya mfupa wa katikati, pale ambapo kila aliyewahi kuangalia sinema anajua moyo unakaa. Nikijigeuza, panachoma. Nikivuta pumzi ndefu, panachoma. Nikikohoa ndiyo usiseme, na mafua yalikuwa yameniachia kikohozi cha kutikisa mabati. Mke wangu akawasha tochi ya simu, akanimulika usoni, akaniangalia kwa huruma.

"Pole, Baba Zuhura. Funguo za stoo ziko wapi?"

Mimi nauza nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Mchana wa siku ile vijana wa kupakia walikuwa wamevuka kwenda upande wa Kenya kufuata malipo mazuri, mzigo wa mahindi nikaubeba mwenyewe, gunia kwa gunia. Hilo sikulitaja. Mtu anayekata roho haongelei magunia.

Alfajiri nyumba ilishajaa. Hajati wa jirani akasema presha. Shemeji akasema vidonda vya tumbo, na simlaumu, maana Uganda hii hata ukiumwa kisigino utaambiwa ni vidonda vya tumbo. Shangazi wa Tororo tulipompigia hakusema kitu, alilia tu mpaka salio letu likaisha.

Tukapanda boda watatu: dereva mbele, mimi katikati, shemeji nyuma amenikumbatia kifuani nisianguke. Kila tuta napiga yowe, na kila yowe likitoka yeye anakaza mikono zaidi. "Vumilia, shemeji, nimekushika!" Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Musawo, ndivyo tunavyomwita daktari huku, alikuwa binti mdogo, mpole, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akapima presha, akasikiliza mapafu, akauliza maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya? Hapana. Jasho jembamba, kichefuchefu, kifua kubanwa kama kimekaliwa? Hapana. "Basi nionyeshe yalipo." Nikaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Hata hivyo akanilaza kwenye kipimo cha umeme wa moyo, nyaya kifuani, nyaya mikononi na miguuni. Shemeji akachungulia ile mashine, akauliza kama Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, imejazwa ya kutosha, umeme usije ukakatika nikiwa nimeunganishwa.

Moyo ukaonekana mzima. Ndipo musawo akaja na kidole gumba. Akaanza chini ya mtulinga, akashuka ubavu mmoja mmoja kando ya mfupa wa kidari. Wa pili, kimya. Wa tatu, nikakunja uso. Wa nne, nikamwita marehemu mama yangu kwa jina lake la utotoni.

"Ni hapa?"

"Ni hapo!"

Akabonyeza tena, kuhakikisha.

Akatueleza kwamba binadamu ana jozi 12 za mbavu, na zile 7 za juu zimeshikana na mfupa wa kidari kwa gegedu, ile sehemu nyeupe mnayoitafuna kwenye mbavu za mbuzi. Gegedu zangu zilikuwa zimewaka, zimetoneshwa na kikohozi na, akaniangalia vizuri, "au kuna kitu kizito umebeba?" Shemeji akasema mimi sibebi kitu kizito, mimi ni bosi. Nikakohoa. Ugonjwa unaitwa kostokondraitisi. Upo na ndugu yake unaoambatana na uvimbe, ulioelezwa mwaka 1921 na daktari Mjerumani, Alexander Tietze. Shemeji akauliza huyo Tietze anapokea wagonjwa siku gani.

Dawa ilikuwa ibuprofeni baada ya kula, kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo vya kweli au figo mbovu asiimeze bila kuuliza, na hapo shemeji akanitazama kama wakili aliyeshinda kesi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, kuweka kifuani. Kunyoosha kifua taratibu, mikono ikiegemea fremu ya mlango. Magunia marufuku. Yataisha yenyewe, wiki kadhaa, kwa wengine miezi. "Kwa hiyo kikiuma ukibonyeza, si moyo?" shemeji akauliza. Musawo akakataa: ndiyo maana amenipima moyo kwanza. Kifua kikibana, pumzi ikakata, jasho likatoka, mtu akimbizwe hospitali, asikae nyumbani akibonyezana na jirani.

Hilo la mwisho shemeji hakulisikia. Kabla sijashuka kwenye boda, steji yote ilikuwa na habari. Muuza rolex, chapati ya kukunjia mayai, akanibonyeza kwa kidole chenye mafuta. Imamu akaomba ruhusa kwanza, kisha akanibonyeza. Watoto wa Hajati wakapanga foleni.

Ndani nikamkuta mke wangu na daftari la madeni limefunguliwa, noti zimepangwa mezani. Alikuwa ameamka na kuzunguka soko zima akilia: "Baba Zuhura anakwenda, msimwache aende na madeni yenu shingoni!" Watu wakalipa. Hata fundi cherehani, aliyekuwa akinikwepa tangu mfungo wa mwaka jana, alikuwa ameleta laki mbili na nusu taslimu na kunidondoshea machozi.

Jioni akarudi. Amesikia ni gegedu tu. Gegedu haiui mtu, akasema, kwa hiyo pesa alizotoa kwa ajili ya msiba azipate, atanilipa vizuri nikiwa mzima.

"Mzima? Hebu mbonyeze uone!" mke wangu akamwambia.

Akanibonyeza. Nikapiga yowe ambalo hata kwenye boda sikulipiga, nikajikunja kwenye kochi. Fundi akaruka nyuma, akasema pole, pole sana mzee, akavaa kandambili zake kinyume na kutoka.

Mke wangu akafunga mlango, akahesabu zile laki mbili na nusu mara ya pili.

"Baba Zuhura, si amekubonyeza upande wa kulia?"