Rebaundi ya Alabama

Jamani msicheke kwanza. Mimi naishi Birmingham, Alabama, na ukikaa mji huu ukathubutu kusema uliwahi kucheza kikapu basi utaletewa Michael Jordan, maana ndo huku alikuja 1994 kucheza besiboli na Birmingham Barons, baada ya kuiacha timu yake ya kikapu, Chicago Bulls, na mataji yake 3. Wazee wa kazini kwetu walimwona kwa macho pale uwanja wa Hoover, kwahiyo kila lanchi wao wanasifia mimi naponda. Nikawaambia mtu anapiga mara 436 zinakubali 88 tu, mara 114 katolewa kwa kuukosa mpira, hiyo nayo kazi? Hata mimi naweza. Mzee mmoja akafuta mdomo akasema poa, jumamosi pikniki ya ofisi tunacheza softiboli, njoo.

Softiboli ni mdogo wake besiboli, mpira mkubwa kidogo na unarushwa kwa chini, pole pole, hata wamama wa uhasibu wanapiga. Nikajiona nishamaliza. Sasa mimi nimekulia Temeke, utotoni bingwa wa rede, nilikuwa nacheza na dada zangu mpaka tunaitwa kwa viboko, na rede inakufundisha kitu kimoja tu: mpira ukija KWEPA. Nimeshika rungu, mpira unakuja taratibuuu, mimi huyo nimebonyea tumbo ndani, rungu kule. Wa pili nikauruka. Wa tatu nikapiga kweli, ila ulikuwa ushapita zamani. Ukikosa mara tatu umetolewa. Nje.

Ikaja zamu yetu ya kudaka, wakanipeleka nyuma kabisa kulia, alikokuwa anacheza Jordan mwenyewe, wakanivalisha glavu mkono wa kushoto. Niko huko najikunia mbu mara mpira huo umepigwa juu mawinguni unashuka upande wangu. Damu ya kikapu ikaamka! Kule Upanga kocha alikuwa anatuimbia kila siku, ziba mtu wako kwanza ndo uende rebaundi, yaani kuunyaka mpira uliogonga ringi ukarudi. Nikageuka kutafuta wa kumziba, aliyekuwepo ni mama wa uhasibu, anakuja mbio anapiga kelele kwamba huo wake. Nikampa mgongo, makalio nje, viwiko vimetanuka, mama wa watu akakaa chini pwaa. Ndio, alikuwa timu yangu, lakini rebaundi ni rebaundi. Nikaruka, na kuruka kwenyewe kulikuwa kuzuri sana, mpira nikaunyaka kwa mkono wa kulia. Ule usio na glavu.

Kidole kikalia ko! Mpira ukaniponyoka ukamshukia mama mgongoni, wapinzani wanazunguka tu vituo wanarudi "nyumbani", pale pa kupigia, wanajizolea pointi mmoja mmoja kama watu waliotoka msibani, na wazee wa Jordan wamelala kwenye majani kwa kucheka.

Sasa shemeji yangu, badala ya kuja kunisaidia, alikuwa anarekodi, akatupia kwenye grupu la familia hapohapo. Kabla hata sijapata barafu ya kidole, voisi ya mama kutoka Temeke ikaingia: "Baba, huyo mama wa kizungu kakufanyia nini mpaka mnapigana hadharani? Na huo mkono wa kushoto mbona umevimba hivyo mwanangu, nenda hospitali."