Kabla hamjaendelea kusambaza ile klipu

Hiyo klipu mnayorushiana kwenye magrupu imekatwa kichwa na mkia. Aliyerekodi anajijua, na hela yangu ya chipsi hajarudisha mpaka leo. Sasa msikieni mwenye msiba.

Mawasilisho ya mradi, chuo kimoja hapahapa Dodoma, saa nane mchana, jua mnalijua. Mada yangu ni maji ya chini ya ardhi bonde la Makutupora, kule kwenye visima vinavyolisha mji. Programu nimeiandika kwa lugha ya C na MPI, maktaba ya kutumiana ujumbe kati ya prosesi, yaani nakala za programu zinazokimbia kwa pamoja: gridi, yaani bonde lililokatwa viraba viraba, nimeigawa nusu kwa nusu kwa prosesi mbili, na kila hatua zinapeana safu ya mpakani. Kila moja inaita MPI_Send (tuma) kwanza, kisha MPI_Recv (pokea). Geto Nkuhungu ilikuwa inamaliza sijameza hata mate.

Gridi ya 100 kwa 100 ikapita. Jopo likatikisa vichwa. Si ningeshukuru nikae? Mdomo huu! "Waheshimiwa, programu hii inabeba ukubwa wowote."

Profesa mmoja aliyekuwa anasinzia akafungua jicho. "Weka 10,000, kijana."

Nikaweka. Enter.

Kishale kikapepesa. Kikapepesa tena. Feni ya laptopu ikaanza kuvuma, nami kwa madaha nikafungua top, ile ya kuonyesha nani anakula CPU, kwenye projekta: prosesi mbili, kila moja asilimia 100. "Mnaona inavyochapa kazi?" Nikaweka na mkono mfukoni, jamani. Mkono mfukoni!

"Imefika hatua ya ngapi?" Profesa akauliza.

Sasa, kila hatua ina printf yake, amri ya kuandika mstari. Kwenye skrini hakuna hata mstari. Jasho likatoka kisogoni likateremka taratibu mpaka kwenye mkanda, nalisikia kabisa. Ukumbi mzima unaniangalia. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Inapasha misuli kwanza, Profesa."

Mmeelewa klipu inaanzia wapi.

Mama mmoja wa jopo, mpole kweli, akavua miwani. "Mwanangu, hao wanafanya kazi au wanasubiriana?"

Walikuwa wanasubiriana. (Wa C mnacheka tayari, naombeni adabu.) Safu ya namba 100 za double, kila moja baiti 8, ni baiti 800. Ujumbe mdogo hivyo MPI inaweza kuunakili kwenye bafa yake (kistoo cha muda kwenye memori), Send ikarudi, maisha yakaendelea. Safu ya 10,000 ni baiti 80,000, hiyo haikuibeba: Send ikakaa kungoja upande wa pili uanze kupokea, na upande wa pili nao umekwama kwenye Send yake. Watu wawili mlangoni, kila mmoja kashika sinia la pilau kwa mikono miwili, kila mmoja anamwambia mwenzake pokea. Na ile asilimia 100? MPI niliyokuwa nayo haisinzii ikisubiri, inachungulia mlango muda wote. Feni yote ile ilikuwa inavuma kwa ajili ya kuchungulia.

Mngedhani basi. Yule yule aliyekuwa anarekodi na simu akaninong'oneza, "Weka Bsend, ina bafa." Nikabadilisha mbele za watu, nikakompaili, Enter. Safari hii jibu likaja fasta: MPI_ERR_BUFFER, programu chini. Bsend inatumia bafa unayoipa mwenyewe kwa MPI_Buffer_attach, na mimi sikuipa hata baiti moja. Huko nyuma mtu akapiga makofi.

Nimeshaweka MPI_Sendrecv, inayotuma na kupokea kwa mkupuo mmoja, 10,000 inakwenda, jopo limenipitisha kwa marekebisho. Hayo hakuna aliyeyarekodi.

Asubuhi hii bodaboda imegoma kuwaka pale kituoni. Dereva ananigeukia, hata jina langu halijui: "Vumilia kaka, inapasha."