Godoro halianikwi mbele ya nyumba

Jirani yangu hapa Makorora, mwanawe akikojoa kitandani, godoro halianiki uani. Hulitoa mbele, akaliegemeza ukutani pale pale wanapopita watoto wa chuoni. "Apate haya, ataacha." Mtoto wa miaka 7! Wenzake wameshaanza kumwimbia kikojozi.

Haya gani itamwamsha mtu aliyelala fofofo? Mwili una homoni ya kupunguza mkojo usiku, na kwa baadhi ya watoto huchelewa kukaa sawa. Kibofu kinajaa, usingizi haukatiki. Wakifika miaka 5, watoto kama 15 katika kila 100 bado wanalowesha kitanda, na wengi huacha wenyewe wakikua.

Tena ni jambo la ukoo. Wangu naye anakojoa. Mama mkwe alipokuja kutoka Pangani akanishauri nimfunge chura kiunoni. Nikamwuliza, "Mama, na baba yake alikuwaje?" Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akacheka. "Huyo? Mpaka darasa la nne!" Miaka kumi ya ndoa, siri hiyo sikuwahi kuisikia. Usiku ule mume wangu akamweleza mwanawe mwenyewe. Mtoto akauliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwa unaficha shuka?"

Tangu hapo hafichi. Akiamka anailoweka kwenye ndoo, basi.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa chai. Mtu wa Tanga umwambie mtoto asinywe chai usiku! Lakini majani ya chai yanachochea mkojo, kwa hiyo maji anakunywa mchana kwa wingi, baada ya magharibi napunguza, na halali kabla ya kupita msalani. Godoro nimelivika nailoni. Nikagundua pia alikuwa na choo kigumu, nacho hukibana kibofu, papai limesaidia. Bado kuna siku analowesha.

Wa kupelekwa hospitali haraka ni yule aliyekaa mkavu miezi 6 kisha akaanza upya, au anayelia akikojoa, au anayekunywa maji kupita kiasi huku anakonda. Huenda ni maambukizi, ni sukari, au kuna jambo linamtisha na hajalisema.

Jirani nimempelekea kipande cha nailoni. Jana godoro lilikuwa bado mbele, ila upande wa doa umegeuziwa ukutani.