Besi la zamani: tunatafuta sauti au tunanunua umri?

Mbele yangu, juu ya taulo, limelala gitaa la besi lililonizidi umri. Shingo nimeshaifungua, na skrubu zake nne nimezitia kwenye kisahani zisipotee. Ni nakala iliyotengenezwa Japani miaka ya 1970, ya jina kubwa la Kimarekani. Maandishi ya kichwani yamefutika, na sponji iliyoshikilia pikapu (sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele ambazo hunasa mtetemo wa nyuzi) kwa chini imegeuka unga mweusi unaonata vidoleni. Uzi mnene bado unanguruma vizuri. Uzi mwembamba unasikika kwa mbali, kama unapigwa chumba cha pili.

Fundi alilipima akaniambia kwamba waya wa pikapu umeanza kukatika ndani. Njia ni mbili: kuisuka upya kwa waya mpya, au kutafuta nyingine ya enzi ileile, kwa bei inayozidi niliyolinunulia besi lenyewe. Rafiki yangu, mpiga besi mwenzangu ambaye masikio yake nayaamini, aliposikia habari ya kusuka alishika kichwa. Kwake yeye, besi la zamani likiguswa pikapu limekwisha, linabaki gogo lenye nyuzi.

Tumebishana juu ya hili kwa wiki kadhaa. Sote wawili tunapenda rekodi zilezile: za bendi changa za Uingereza za mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, zilizojirekodi bila kampuni kubwa nyuma yao. Yeye anasema sauti ile haipatikani ila kwa chombo cha wakati ule, kikiwa kama kilivyotoka kiwandani. Mimi naona amepatia nusu. Nusu ya pili imebeba hatari ambayo inanisumbua.

Nianze na aliyopatia. Besi la zamani si hadithi tupu. Shingo iliyoshikwa kwa miaka 50 imelainika kingo, kiganja kinateleza bila kukwaruzwa na ncha za freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo. Vanishi ya nitroselulosi waliyopaka mafundi wa zamani ni nyembamba, huzeeka pamoja na mbao na kupasukapasuka kwa mistari midogo, tofauti na ganda nene la poliesta lililokuja baadaye. Kuna pia maumbo ambayo yaliachwa kwa muda mrefu: mabesi mafupi ya inchi 30 toka daraja hadi kichwani, badala ya inchi 34 za kawaida, yenye nyuzi zilizolegea kidogo na sauti nene isiyo na makali. Mwenye vidole vifupi akilishika la namna hiyo mara ya kwanza hutamani asilirudishe.

Kuna na raha ya kujua, ambayo siidharau hata kidogo. Fungua nobu ya sauti ya besi la Kimarekani la miaka ya 1960, tazama mgongoni mwa kifaa chake cha ndani, utakuta tarakimu zimegongwa kwenye chuma. Ukisoma 1376612, basi 137 ni namba ya CTS, kiwanda kilichotengeneza nobu, 66 ni mwaka 1966, na 12 ni wiki ya 12. Haikwambii besi lilikamilika lini, kwa sababu nobu iliweza kukaa kwenye boksi miezi mingi kabla ya kufungwa. Inakwambia tu kwamba haliwezi kuwa la kabla ya hapo, ikiwa nobu hiyo ni yake. Mara nyingine chini ya shingo kuna tarehe iliyoandikwa kwa penseli. Nimewahi kuiona moja, hati ya haraka ya mtu aliyekuwa kazini na kazi nyingine zikimsubiri. Nilikaa kimya kwa muda.

Kutokana na kusoma dalili hizo ndipo ilipozaliwa imani ya kugawa enzi. Leo Fender, mtengenezaji wa Kimarekani aliyeleta besi la umeme la Precision mwaka 1951 na kuliita hivyo kwa sababu freti zake zilimwezesha mpigaji kubonyeza noti kwa uhakika, aliiuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS Januari 1965 kwa dola milioni 13. Tangu hapo wapenzi wa vyombo huongea juu ya "kabla ya CBS" na "baada ya CBS" kama watu wanavyotaja kabla na baada ya gharika. Ni kweli uzalishaji uliongezeka na uangalifu haukuwa uleule kila siku. Lakini mwaka ulioandikwa kwenye nobu hauwezi kukwambia kama besi fulani linalia. Hilo mpaka ulipige.

Hapo ndipo ninapoanza kuachana na rafiki yangu. Mwaka 2010 huko Indianapolis, mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapiga fidla 21 vyombo sita: vitatu vipya, viwili vya Stradivari na kimoja cha Guarneri, mafundi wa kale wa Italia ambao fidla zao huuzwa ghali kuliko zote. Wapigaji walivaa miwani ya giza ili wasitambue wameshika nini. Wengi walichagua fidla mpya kuwa ndiyo wangeondoka nayo, na iliyokataliwa zaidi ya zote ilikuwa ya Stradivari. Fidla si besi la umeme, najua, na wapigaji 21 si watu wote. Ila kama umri wa mbao ungekuwa na nguvu tunayoupa, ungetakiwa uonekane kwanza kwenye fidla, chombo ambacho sauti yake yote inatoka kwenye ubao. Besi la umeme linategemea pikapu, nyuzi, amplifaya na vidole kabla hujafika kwenye ubao.

Tumchukue James Jamerson, ambaye wapiga besi wa kila aina humtaja kwa heshima. Besi lake maarufu, alilopigia kwenye kampuni ya rekodi ya Motown, lilikuwa Precision ya 1962. Katika miaka ya katikati ya 1960, alipopiga kazi zilizomjengea jina, besi hilo lilikuwa na umri wa miaka michache tu. Kilichozeeka pale zilikuwa nyuzi: bapa, nene, ambazo hakupenda kuzibadilisha, na chini ya mfuniko wa daraja kulikuwa na sponji ya kukatisha mlio usivutike. Sauti tunayoiita ya zamani, na tunayoitafuta kwa kununua mbao zilizozeeka, ilitoka kwenye besi karibu jipya lenye nyuzi kuukuu, chini ya kidole kimoja cha mtu ambaye hakuna wa kumlinganisha naye. Na Motown yenyewe ilianza kama kampuni ndogo ya kujitegemea, mwaka 1959, kwa dola 800 ambazo mwanzilishi wake, Berry Gordy, alikopa kwenye mfuko wa familia yake.

Mkopo wa aina hiyo unajirudia Manchester. Mwishoni mwa Desemba 1976 bendi ya Buzzcocks waliingia studio kwa pauni zisizozidi 500 walizokopa kwa ndugu na marafiki, wakatoka na nyimbo nne. Januari 1977 wakazitoa wenyewe kwa lebo yao ya New Hormones, nakala 1,000 kwa kuanzia, kwa jina la Spiral Scratch. Kwenye jalada waliandika kila wimbo ulirudiwa mara ngapi na uliongezewa nini, ili anayenunua aone kwamba hakuna siri. Aliyepiga besi ni Steve Diggle, ambaye muda si mrefu alihamia gitaa. Yaani besi kwenye rekodi inayotajwa kila mara kama mwanzo wa muziki wa kujitegemea Uingereza lilipigwa na mtu ambaye hakudumu hata kwenye chombo hicho. Mwaka huohuo wa 1977 bendi nyingine, The Desperate Bicycles, walitoa singo yao ya kwanza, na baadaye wakatangaza kwenye jalada kwamba gharama yote ilikuwa pauni 153. Walitaka watu waone hesabu, wajue inawezekana, nao wafanye.

Peter Hook naye, baada ya kuiona bendi ya Sex Pistols Juni 4, 1976, katika onyesho lililoandaliwa na haohao waliounda Buzzcocks, alikwenda kununua besi lake la kwanza: nakala ya bei rahisi ya besi la kampuni ya Gibson. Baadaye, kwenye mazoezi ya bendi iliyokuja kuitwa Joy Division, amplifaya yake ilikuwa dhaifu na gitaa la mwenzake lilimfunika. Akapanda juu kwenye nyuzi nyembamba ili ajisikie. Mtindo wa besi linalobeba melodi, ambao vijana wa leo wanauiga kwa vifaa vya gharama kubwa, ulizaliwa hapo, mtu alipokuwa akihangaika asikie anachopiga.

Na wale Young Marble Giants, bendi ya Cardiff, kwenye albamu waliyotoa kwa lebo ya Rough Trade mwaka 1980, hawakuwa na mpiga ngoma. Walikuwa na mashine ndogo ya midundo, gitaa linalokatwa kwa kiganja, sauti ya msichana anayeimba kama anaongea jikoni, na besi la Philip Moxham likitembea katikati ya ukimya mwingi. Nikiisikiliza usiku kwa sauti ya chini, nasikia kucha zikigusa nyuzi. Hakuna pa kujificha. Sijawahi kujiuliza besi lile lilitengenezwa mwaka gani, na nadhani hata yeye alikuwa na mambo mengine ya kufikiria.

Rafiki yangu ana jibu zuri kwa haya yote, na ni haki niliseme kwa ukamilifu. Anasema: sawa, walichukua vya bei rahisi, lakini vile vya bei rahisi vilikuwa na tabia. Pikapu zao zilikuwa hafifu, hazitoi mizito ya chini. Kwa hiyo mpigaji alilazimika kwenda juu, au kupiga kwa nguvu, au kuacha nafasi. Ukichukua besi jipya lisilo na kasoro, mkono wako hautalazimika kufanya chochote, na hutafika walikofika. Hoja hii naikubali kwa moyo wote. Besi langu la Kijapani limenifundisha vitu ambavyo besi jipya nililokuwa nalo kabla halikunifundisha. Haliwezi kutoa noti ndefu, kwa hiyo nimejifunza kupanga noti fupi. Kasoro ya chombo hukaa mkononi mwa mpigaji hata akishakiweka chini.

Lakini hoja yake ikifuatwa mpaka mwisho inamrudia mwenyewe, kwa kuwa kilichofanya kazi pale ni unyonge wa chombo na ulazima wa mpigaji. Cheti cha kwamba kila skrubu ni ya kiwandani hakina nafasi katika habari hiyo. Na unyonge sasa unauzwa ghali. Magitaa yaliyookotwa kwa sababu hayakuwa na thamani yanapanda bei kwa majina ya watu waliolazimika kuyachukua. Paul McCartney wa Beatles mwenyewe alinunua besi lake la Höfner huko Hamburg mwaka 1961 kwa kuwa Fender ilimshinda bei, na umbo lake la kulingana pande mbili lilimfaa mtu wa mkono wa kushoto. Leo kijana mwenye hali kama aliyokuwa nayo yeye wakati ule hawezi kugusa Höfner ya mwaka ule. Hili linanikera kuliko jambo lolote katika mjadala huu, kwa sababu muziki ninaoupenda ulikuwa na ujumbe mmoja wa wazi: shika kilichopo, anza. Anayemwambia mwanafunzi kwamba hawezi kuanza bila besi la 1964 anamfungia mlango ambao Buzzcocks waliuacha wazi makusudi, pamoja na hesabu zake kwenye jalada.

Kuna mabesi ambayo mimi pia nisingeyagusa na bisibisi. Precision ya 1951 iliyobaki kama ilivyotoka ni ushahidi wa jinsi kazi ilivyofanywa, na ushahidi ukishafutwa haurudi. Hapo rafiki yangu na mimi tuko upande mmoja. Tofauti yetu iko kwenye maelfu ya vyombo vya kawaida vilivyotengenezwa vipigwe, na ambavyo vinakaa kwenye makasha vikingoja bei ipande. Hata Spiral Scratch ilitolewa upya mwaka 1979, na toleo hilo la pili ndilo lililoingia kwenye chati ya Uingereza. Waliolinunua hawakusikia muziki pungufu kuliko walioshika zile nakala 1,000 za mwanzo.

Nimempa fundi pikapu aisuke. Nimemwomba abakize sumaku zilezile na aweke idadi ya mizunguko karibu na ya awali kadiri atakavyoweza kuihesabu, na waya wa zamani anirudishie kwenye bahasha. Nitaihifadhi ndani ya kasha pamoja na besi, ili atakayelichukua baada yangu ajue nini kilibadilishwa na lini. Nyuzi nimekataa zibadilishwe. Rafiki yangu ameomba awepo siku ya kulifunga tena, na amesema atakuja na amplifaya yake.