Watu elfu moja kwa mwaka

Tarehe 14 Septemba 1776, Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa mmoja, Morice. Ni mfupi, na nimeurudia mara nyingi. Sultani anaahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20, sarafu za fedha za wakati ule, na yeye apate zawadi ya piasta mbili kwa kila kichwa. Wazungu wengine wasubiri mpaka Morice atosheke. Muda wake ni miaka 100.

Piga hesabu. Kama ungetimizwa wote, ni watu laki moja, na wengi wao siku ile walikuwa hata hawajazaliwa. Bei yao ilikwishapangwa.

Miezi miwili tu kabla ya hapo, kule Philadelphia, katika tangazo la uhuru wa Marekani, ilitangazwa kwamba watu wote wameumbwa sawa. Na mwaka 1762 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha mkataba wa jamii, kwa Kifaransa, lugha ya Morice.

Nayataja pamoja kwa sababu kila tukijadili haki za binadamu huku kwetu, hakosi wa kusema hizo ni habari za Wazungu, wala hakosi wa kumjibu kwamba Wazungu ndio waliotufundisha. Mimi siwaungi mkono wote wawili.

Hoja yenyewe ya haki za binadamu naiamini kwa moyo wote. John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza, alisema mtu huja duniani na haki zake, hapewi na mfalme, na kwamba utawala halali hutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Rousseau naye, katika sura yake juu ya utumwa, akaonyesha kwamba mapatano ambayo hasara yote ni yako na faida yote ni yangu hayana maana yoyote. Sijasoma hukumu kali kuliko hiyo juu ya karatasi ya Kilwa.

Lakini Locke huyo huyo aliweka fedha zake katika kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiuza Waafrika. Na kitabu cha Rousseau hakigusi sheria ya Ufaransa ya mwaka 1685, iliyomhesabu mtumwa wa makoloni kuwa mali inayohamishika. Waliandika juu ya minyororo, na minyororo ya chuma ilikuwa bandarini mwao.

Nasi tusijifiche nyuma yao. Zile piasta mbili ziliingia mfukoni mwa sultani wetu, na alipozipokea hakuna mtu wa bara aliyeitwa kuulizwa kama ameridhia.

Waliolichukua neno la uhuru kwa uzito wake wote ni watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, Haiti ya leo, walioinuka Agosti 1791. Ni wao waliolifikisha Bunge la Paris mahali pa kufuta utumwa katika makoloni yote, tarehe 4 Februari 1794. Mwaka 1796 wajumbe wawili wakapelekwa Île de France, yaani Mauritius, kuitekeleza amri hiyo. Walowezi wakawafukuza.

Kisiwa hicho ndicho alikotokea Morice kuja Kilwa. Mtu wetu aliyekuwa akilima kule alikuwa huru kwa sheria ya Paris, na kesho yake alfajiri akaamshwa kwenda shamba, kama jana.